Matembezi katika Magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na Neno juu ya Makaburi ya Hanang

Kwa muda wa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa shule za msingi katika wilaya za Mbulu na Hanang, na kila mwaka nilipofika katika sura ya historia ihusuyo miji ya kale ya pwani, niliwasimulia watoto habari za Kilwa kama mtu asimuliaye ndoto ya mwenzake. Nilichora ramani ubaoni, nikaandika majina ya masultani na tarakimu za miaka, nikawataka wanafunzi wayakariri. Lakini mimi mwenyewe sikuwa nimepata kuiona Kilwa, wala bahari. Watoto nao, ambao mbele ya macho yao walikuwa na Mlima Hanang na nyuma yao uwanda wa Basotu, waliyapokea maneno yangu kwa adabu, wakayaandika katika daftari zao, na baada ya mtihani wakayasahau.

Siku moja tulipokuwa tukisoma habari za jumba la Husuni Kubwa, mwanafunzi mmoja wa Kibarabaig alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, huyo mfalme aliyejenga nyumba ya vyumba mia, alipokufa watu wake walimjengea kaburi la namna gani?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimeishi jirani na Wabarabaig tangu utoto wangu, nami nilijua ya kuwa swali lile lilikuwa na maana. Kwao hao ukubwa wa mtu haupimwi kwa nyumba aliyolala, maana nyumba ya mfugaji ni ya kuhamwa. Hupimwa kwa kaburi ambalo watu humjengea. Nilimjibu kijana yule kwamba nitalitafuta jibu. Hata hivyo kazi hazikuniruhusu, na ilikuwa baada ya kustaafu ndipo nilipofunga safari. Haya niyaandikayo ni habari za safari hiyo, na ya mambo niliyojifunza kwa kuyatazama mawe ya pwani nikiwa na udongo wa Hanang moyoni.

Kutoka Katesh nilipanda basi kupitia Singida na Dodoma mpaka Dar es Salaam, na siku ya pili nikaelekea kusini. Tulivuka Mto Rufiji juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo wasafiri walivushwa kwa pantoni, na wakati wa mvua kubwa njia ya kusini ilikuwa taabu tupu. Mtu aliyezaliwa chini ya mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400 huona ajabu kushuka mpaka mahali ambapo nchi inakwisha. Tena husikia ajabu nyingine masikioni mwake. Katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang lugha za asili nne zilizo mbalimbali hukutana: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Wabarabaig ni cha Kiniloti, Kinyaturu na Kimbugwe ni za Kibantu, na Wahadza wa Bonde la Yaeda wana lugha yao isiyofanana na hizo zote. Huko kwetu Kiswahili ni daraja la kuvukia kutoka nyumba hata nyumba. Huku pwani nilikikuta kikiwa ndiyo nyumba yenyewe.

Yafaa nimweleze msomaji kwamba kuna Kilwa tatu. Kilwa Kisiwani ndiyo ya kale, na ndiyo yenye magofu. Kilwa Kivinje iko bara, kaskazini yake, nayo ilikua katika karne ya 19 kwa biashara ya pembe na watumwa. Huko ndiko Wajerumani walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kuwapinga. Kilwa Masoko ni mji wa utawala wa siku hizi, nao unakitazama kisiwa ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari. Hapo Masoko mgeni huchukua kibali katika ofisi ya Serikali, kisha huvushwa kwa mashua. Upepo ukiwa mwema, safari hiyo haizidi muda wa kunywa kikombe cha chai.

Mkondo huo una hadithi yake. Habari za kale za Kilwa, ambazo Wareno walizipata mapema katika karne ya 16 na ambazo pia zimehifadhiwa kwa Kiarabu, zasema kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi, akakuta kisiwa kinamilikiwa na mfalme wa bara. Mfalme yule akakubali kukiuza kwa nguo, naye mgeni akamlipa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Siku zile mtu aliweza kukifikia kisiwa kwa miguu maji yakitoka. Mfalme alipojuta na kutaka kurudi kwa vita, akakuta mkondo umechimbwa na njia imefungwa. Wataalamu wa historia hawaichukui hadithi hii neno kwa neno. Lakini mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa mifupa iliyofukuliwa katika makaburi ya kale ya pwani, na Kilwa ikiwamo. Wakaona ya kuwa wengi wa watu wale walitokana na mama za Kiafrika na baba waliotoka Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakutunga uongo mtupu. Walikumbuka upande mmoja wa ukoo wao na kuupa sauti kubwa kuliko upande wa pili. Jambo hilo latokea kwa watu wengi, hata kwetu.

Mashua ikitia nanga, jengo la kwanza mgeni analoliona ni Gereza, ngome ya mraba iliyo ukingoni mwa maji. Habari zake nitaziweka nyuma, kwa maana ni za mwisho wa mji. Mwongozaji wangu, kijana mzaliwa wa kisiwa hicho, aliniamkia "Shikamoo, mzee," akanipokea mkoba wangu, tukafuata njia ipitayo kati ya minazi, mibuyu na nyumba za wanakijiji. Nataka msomaji afahamu ya kuwa Kilwa Kisiwani haikuhamwa yote. Watu wangali wanaishi humo, wakivua samaki na kulima mashamba madogo; watoto wao huenda shule wakipita kando ya kuta zilizojengwa miaka mia sita na zaidi iliyopita.

Msikiti Mkuu ndio moyo wa magofu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya kale zaidi, ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ikabomoka, kisha ikajengwa upya katika karne ya 15. Nilisimama chini ya kuba na matao, nikatazama jinsi nguzo zinavyofuatana mpaka jicho likapotea. Mwongozaji alinionyesha namna mbili za mawe. Kuna mawe ya matumbawe ya nchi kavu, magumu na yenye kukwaruza, yaliyojazwa katika kuta. Na kuna matumbawe laini yaliyokatwa baharini, ambayo huchongeka kwa urahisi yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka. Ya namna hii ya pili ndiyo yaliyochongwa mihirabu na miimo ya milango. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya kuni nyingi. Tena upana wa vyumba vya nyumba za pwani ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa kuwa boriti ndizo zilizobeba dari. Palipotakiwa nafasi kubwa zaidi, fundi alilazimika kusimamisha nguzo au kupiga kuba.

Hapo nilikumbuka nyumba za wazee wetu Wairaqw. Zamani walichimba ubavu wa kilima, wakasimamisha nguzo, wakaezeka kwa udongo, hata mtu aliyekuja kutoka juu ya kilima aliweza kupita bila kujua ya kuwa anakanyaga paa la nyumba. Walifanya hivyo ili maadui wanaoteka ng'ombe wasiwaone kwa mbali. Watu wa Kilwa walijenga ili waonekane kutoka baharini. Watu wetu walijenga ili wasionekane kutoka uwandani. Wote wawili walijua wanalolifanya. Ila mtalii wa leo huwastahi wa kwanza, na wa pili hawajui kabisa, kwa sababu kazi yao ilifanikiwa mno.

Mwendo wa zaidi ya kilomita moja kwenda mashariki, juu ya mwamba unaoitazama bahari, ndipo ilipo Husuni Kubwa. Jumba hili lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika nusu ya kwanza ya karne ya 14. Lina vyumba vipatavyo mia, nyua zenye ngazi, ghala za bidhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kuanzia mwaka 1958 mpaka mwaka 1965, alipata humo jiwe lenye maandishi yaliyotaja jina la sultani huyo. Wajenzi hawakulimaliza jumba lote, na watu hawakulikaa kwa muda mrefu. Niliketi katika ukingo wa birika lile kavu, nikafungua daftari langu la zamani la kufundishia, na kwa mara ya kwanza tarakimu nilizokuwa nikiwakaririsha watoto zilinipatia sura.

Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331 katika zama za sultani huyohuyo. Aliusifu mji kwa uzuri wake, akamsifu sultani kwa dini na ukarimu, akaeleza ya kuwa watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi. Asimulia kwamba siku moja baada ya sala ya Ijumaa fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizokuwa amevaa. Sultani akaingia nyumbani mwa khatibu, akabadili nguo, akampa zile alizoombwa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa kumpa fukara watumwa kumi. Na sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu tendo hilo, akaamuru fukara apewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nilikuwa nimesimulia kisa hiki darasani mara nyingi kama mfano wa ukarimu. Nilipokuwa nimekaa juu ya birika, nilikisoma tena, safari hii nikiwa upande wa bara. Watumwa ishirini wale walikuwa wana wa watu. Msafiri yuleyule aeleza ya kuwa sultani alikuwa akipeleka vita katika nchi ya Zanji na kuchukua mateka, wala kuwatoa watu hao hakukumpunguzia sifa machoni pa mtu yeyote mjini. Pembe nazo zilitoka kwa wawindaji ambao hawakupata kuiona kuba ya msikiti. Sisemi hivi ili kuwatukana watu wa Kilwa. Sultani aliishi kwa desturi ya zama zake, na bara nako kulikuwa na watekaji. Lakini mwalimu akisimulia ukarimu wa mtoaji na kuwanyamazia waliotolewa, amefundisha nusu ya historia.

Tena utajiri wa Kilwa wenyewe ulitoka mbali. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa mpaka Sofala, na kutoka huko ikapanda kwa majahazi hadi Kilwa, ambako ilikutana na nguo na shanga za Bara Hindi na vyombo vya Uchina. Masultani walipiga sarafu za shaba zenye majina yao. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu, mamia ya maili kutoka baharini. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini mwa Australia. Katika njia hizo Hanang haikuwamo. Misafara ya karne ya 19 iliyokaribia nchi yetu ilipita Kondoa Irangi na kuelekea bandari za kaskazini zaidi. Kwa hiyo siwezi kudai ya kuwa babu zetu waliijenga Kilwa. Naweza tu kusema kwamba bara lilikuwamo katika kila jiwe la Kilwa.

Tulirudi magharibi kupitia Makutani, jumba la masultani wa baadaye lililozungukwa na ukuta mrefu. Sehemu kubwa ya kuta zionekanazo leo ni za karne ya 18, wakati Kilwa ilipopata tena nguvu kidogo. Nguvu hizo zilikuwa na bei yake: mwaka 1776 sultani wa Kilwa alipatana na mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Baada ya miaka michache Waomani wakaitwaa Kilwa, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho akapelekwa Maskati. Ndipo nikafika tena Gereza, mahali tulipoanzia.

Gereza tulionalo ni la Waomani, la mwaka 1800 hivi, lakini ndani yake mna mabaki ya ngome ya Wareno. Mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral alifika Kilwa, asipate mkataba aliotaka. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi kwa mizinga, akamtoza Amiri Ibrahim kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifanyizwa chombo cha ibada kilichomalizika mwaka 1506, nacho mpaka leo huonyeshwa katika nyumba ya makumbusho mjini Lisbon. Mnamo Julai 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, akauteka, akajenga ngome, kisha akatweka tanga kwenda Cochin, katika pwani ya kusini ya Bara Hindi, ambako aliweka makao yake ya utawala.

Nilipokuwa nimesimama juu ya ukuta wa Gereza nilifikiri sana juu ya mji huo wa Cochin, ambao siku hizi huitwa Kochi. Mtu apendaye kuzuru miji ya kale ya bahari hii akifika huko hutembezwa kama nilivyotembezwa mimi. Huonyeshwa Kanisa la Mtakatifu Francis, alimozikwa Vasco da Gama alipofariki mjini humo mwezi wa Desemba 1524, kabla mifupa yake haijachukuliwa Ureno. Huonyeshwa sinagogi la Wayahudi lililojengwa mwaka 1568, na nyavu kubwa za Kichina ambazo wavuvi huziteremsha na kuzipandisha kwa nguzo na mawe. Lakini yeye hutembea katika mji ulio hai, wenye bandari, maduka na kelele, ilhali mimi nilitembea katika magofu. Miji hiyo miwili ilitembelewa na merikebu zilezile katika mwaka uleule. Kwa nini mmoja ukaishi na mwingine ukafa?

Sababu ya kwanza ni siasa. Mfalme wa Cochin alikuwa na adui jirani, mtawala wa Calicut, naye aliwapokea Wareno ili wamsaidie. Wakajenga ngome yao huko mwaka 1503 kwa ridhaa yake. Kilwa haikutaka bwana. Sababu ya pili, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, ni ya bara. Pilipili manga iliyowavuta Wareno Cochin iliota katika vilima vilivyo nyuma ya mji. Waholanzi waliwafukuza Wareno mwaka 1663, Waingereza wakaja mwaka 1795. Wanunuzi walibadilika, vilima havikuhama. Dhahabu ya Kilwa ilitoka nchi ya mbali kupitia mlango mmoja wa Sofala, na Wareno waliushika mlango huo mwaka uleule wa 1505. Fundo likakatwa. Wareno wenyewe waliiacha ngome ya Kilwa mwaka 1512, kwa kuwa haikuwa tena na kitu cha kulinda. Tangu hapo mji ulipungua, na mwishoni mwa karne ile ukashambuliwa na Wazimba. Mji wa pwani huishi kwa bara lake. Na usipokuwa na bara la karibu linaloujua, kuta zake haziusaidii.

Jua lilipoanza kushuka nilimwuliza mwongozaji swali lililonileta. Alinipeleka kwenye Msikiti wa Malindi, karibu na Gereza, akanionyesha makaburi yaliyouzunguka. Nikamwambia, "Mwanangu, nimeona nyumba ya vyumba mia. Naona makaburi haya ni madogo." Akanijibu, "Mzee wangu, makaburi ndiyo haya, na mengine yamo chini ya mashamba yetu. Msikiti ndio walioutaka udumu." Niliandika maneno yake katika daftari. Nilijua ya kuwa nimepata jibu la kumpelekea kijana wa Hanang, japokuwa si lile alilolitarajia: jina la mfalme yule halikubebwa na kaburi, lilibebwa na jiwe la jumba lake na sarafu za shaba zilizopita mikononi mwa watu ambao hawakupata kumwona.

Sasa niseme neno juu ya kwetu. Wabarabaig, ambao majirani huwaita Wamang'ati, jina wasilolipenda, wakifiwa na mzee aliyestahiki humfanyia maziko makubwa yaitwayo bung'eda. Huzikwa nyumbani kwake, na juu ya kaburi watu wa koo mbalimbali huja kuinua kilima cha udongo, wakikiongeza kwa awamu muda wa miezi mingi mpaka kipite kimo cha mtu. Siku ya mwisho hukusanyika umati, pombe ya asali hunywewa, na sifa za marehemu na za wazazi wake hutajwa. Baada ya hapo familia huhama kama ilivyo desturi ya wafugaji. Mvua hukishusha kilima pole pole, nyasi huota. Lakini ukoo hapasahau mahali hapo, na watoto wa watoto hurudi kuomba.

Kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya Serikali, yakisaidiwa na Kanada, yalienea katika uwanda wa Hanang mpaka yakafikia yapata ekari laki moja. Mgeni aliyeutazama uwanda ule aliona nyasi tupu. Trekta zilipita, na makaburi mengi ya wazee yakalimwa pamoja na malisho. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981 kuidai ardhi. Walishinda kwanza katika Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1981, magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini kwa ajili ya mawimbi na mvua, yakatengenezwa, na mwaka 2014 yakaondolewa katika hatari hiyo. Nafurahi kwa hayo. Lakini nchi ni moja na Serikali ni moja. Mkono mmoja ulikuwa ukipaka chokaa ukuta, na mkono wa pili ukilima kaburi.

Wala sidhani kwamba palikuwa na chuki. Aliyepitisha jembe hakujua kusoma alichokilima. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda majengo yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Kilima cha udongo kilichoinuliwa na watu ambao wajukuu wao wangali hai hakiingii humo mpaka kwanza mtu akitaje. Kilwa ilipata watu wa kuitaja: wazee walioandika habari zake, msafiri wa Tangier, Wareno walioiteka, wachimbaji waliofukua vyumba vyake, na kijana wa kisiwani aliyenipokea mkoba. Mawe yale yangekuwa chokaa ya kupakia nyumba kama yasingepata maneno ya kuyasimamia. Nasi katika Mbulu na Hanang tunayo maneno, ila yamo vinywani mwa wazee wanaopungua kila mwaka.

Niliporudi Katesh nilimtafuta mwanafunzi wangu. Nilimkuta mtu mzima mwenye watoto wanne, akipalilia mahindi upande wa uwandani. Nilimweleza habari za mfalme, jumba, birika na sarafu, na ya kuwa kaburi lake si kubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, kumbe watu wake hawakuja kujenga." Kisha akatua jembe lake akaniambia, "Twende nikuonyeshe la babu yangu."

Tulitembea kama nusu saa. Mahali penyewe palikuwa katikati ya shamba la ngano lililokwisha kuvunwa: mwinuko mdogo usiofika gotini, ambao mimi peke yangu ningeupita nisigeuze kichwa. Aliyelima shamba lile aliombwa aupishe, naye akaupisha. Mistari ya jembe ilipinda pande zote mbili na kukutana tena mbele. Kijana wangu akang'oa nyasi kidogo, akaweka mahali pake, akanitajia jina la babu yake, la baba wa babu yake, na la mtu aliyetangulia hao. Tuliupima mwinuko kwa hatua, mara mbili ili tuwe na hakika. Nikafungua daftari lilelile nililokwenda nalo Kilwa, na baada ya ukurasa wa Msikiti wa Malindi nikaandika hatua zile, majina yale matatu, na upande ambao kutoka hapo Mlima Hanang waonekana.